Bi Hindu Ameoza

Mzee Tajudin wa Mengo alikuwa na pikapu moja na binti mmoja, na mgeni aliyehamia mtaa ule angehitaji muda mrefu kabla ya kutambua ni yupi kati ya hao wawili aliyemzaa mwenyewe. Alfajiri, wenzake wakitoka msikitini na uradi midomoni, yeye alikuwa ameshalala chali chini ya gari, kanzu ameikunja kiunoni, anaipangusa pikapu matope ya jana. Mvua ikianza kunyesha aliacha chakula mezani akatoka kuangalia kama turubai limekaa sawasawa. Farhana, binti yake, alipopatwa na malaria, aliambiwa ameze dawa alale.

Adui wa mzee alikuwa kutu. Wengine Kampala ile waliogopa wezi, wengine waliogopa kodi, Tajudin aliogopa kutu. Aliomba oili chafu kwa mafundi, akaichuja kwa soksi kuukuu, akaipaka chini ya pikapu kwa brashi mpaka mbwa wa mtaa wakaacha kulala kivulini mwake. Juu ya oili alipaka grisi. Mahali ambapo kutu ilikuwa imeshachungulia alipasha lami motoni, akaibandika kama plasta juu ya kidonda, kisha akapaka rangi juu ya lami, na kwa kuwa macho yake hayakuiona tena ile kutu, alihesabu kwamba imepona. Ndani ya bodi, mahali pa mizigo, alitandika mpira mzito ili magunia yasikwaruze bati. Chini ya mpira ule maji yalikaa raha mustarehe, hakuna aliyeyasumbua.

Usimcheke haraka, lakini. Pikapu ilikuwa ya marehemu baba yake, na ilikuwa imevuka vita. Januari ile ya themanini na sita, askari waliokuwa wakikimbia walipokuwa wakibeba kila chenye magurudumu, Tajudin aliing'oa matairi, akaisukumia nyuma ya jiko, akaifunika kwa majani ya migomba na mikeka iliyochakaa. Ili maji yasiingie, alikatakata kandambili, akavisokomeza vipande vya raba katika kila tundu aliloliona chini ya bodi na chini ya milango. Askari walipita. Walichukua redio, godoro na mbuzi, na pikapu hawakuiona. Mwaka uliofuata ndiyo iliyompeleka mkewe Zaituni hospitalini, na ndiyo iliyomrudisha nyumbani akiwa amefunikwa shuka. Miaka mingi kabla ya hapo ndiyo iliyokuwa imemleta biharusi. Kwa hiyo mtu akimwambia aiuze, mzee alinyamaza kwa namna ambayo ilimfanya mtu huyo aombe radhi.

Vita viliisha, matairi yakarudi mahali pake, mikeka ikatupwa. Raba za kandambili zilibaki matunduni. Mzee hakuona sababu ya kuyaruhusu maji yaingie kwa sababu tu nchi imetulia.

Sasa tuje kwa binti. Ulipofika mwaka wa tisini na saba, Farhana alikuwa na umri ambao shangazi yake aliutaja kwa sauti ya chini. Alikuwa amechumbiwa na Sufian, mwalimu wa madrasa kule Kawempe, kijana mpole ambaye watu wake walishaleta posa zaidi ya mara moja. Baba hakukataa. Laiti angekataa, wangejua pa kuanzia. Alisema tu kwamba binti wa Tajudin hawezi kutoka nyumbani kwa baba yake akiwa ndani ya gari kuukuu mbele ya macho ya walimwengu, kwa hiyo wangoje kwanza abadilishe pikapu. Hilo lilionekana jambo dogo. Watu wa Sufian walikunywa chai, wakaondoka wakiwa na furaha, wapumbavu wa Mungu.

Maana kubadilisha pikapu ndilo jambo ambalo Mzee Tajudin hakuwa na nia ya kulifanya. Alitafuta, tena kwa bidii. Alizunguka kila uwanja wa magari yaliyotoka Japani, na sumaku mfukoni, akiibandika kwenye milango na madigadi. Iliposhika alinuna, na ilipodondoka, kwa kuwa chini ya rangi kulikuwa na puti badala ya chuma, uso ulimng'aa kama mtu aliyeambiwa habari njema. Hii ilikuwa ya petroli, inakunywa. Ile ilikuwa ya dizeli, inapiga kelele. Hii ina viti viwili, ile ina viti vinne, na nani kamwambia yeye ni mwenye basi?

Jirani yake Cleopas Khaemba, Mkenya wa Bungoma mwenye duka la vipuri lililopakana na duka la mzee, alikuwa na pikapu nzuri aliyoitumia mwenyewe na aliyokuwa tayari kumwachia. Tajudin aliikagua mchana kutwa. Alinusa viti, akaingia chini, akatoka, akaingia tena. Mwishowe, chini ya betri, alipata alama ya kutu ukubwa wa punje ya dengu. Alimwita Khaemba aje aione, akamweleza kwa masikitiko kwamba gari hilo lilishukia bandarini Mombasa, lilishapigwa na upepo wa chumvi, na kutu ikishaanza haina dawa. Alisema hayo huku akiwa ameegemea madigadi ya pikapu yake mwenyewe, kwa uangalifu, kwa sababu ukiegemea sana yalibonyea.

Sufian naye alikaguliwa vivyo hivyo. Mzee alimuuliza asili yake, alikosomea, walipotoka babu zake na kwa nini waliondoka huko. Alimsomesha Kurani akatafuta kosa, akakosa. Basi akasema sauti ya kijana ni nzuri mno, na wenye sauti nzuri mno huringa.

Kitu kingine alichokilinda Tajudin kilikuwa Kiswahili. Babu yake alifika Mengo na misafara kutoka pwani, na lugha ndiyo mali pekee ya ukoo ambayo hakuna askari aliyeweza kuipakia. Kampala ilimtesa. Kampala watu walikuwa wameona taabu ya nini kuwa na ngeli zote zile, wakachukua moja ya watu wakavipa vitu vyote: kikombe amevunjika, viatu amepotea, gari ameharibika. Mteja akiingia dukani kuuliza kama sukari amekwisha, mzee aliweka mizani chini akauliza ni Sukari yupi, mtoto wa nani, na amezikwa wapi. Khaemba mwenyewe alisahihishwa mpaka akakoma. Tangu hapo, akipewa ujumbe wa mzee aliufikisha kama alivyoupokea, neno kwa neno, ili makosa yawe ya wenyewe.

Aliyebaki ni Bi Hindu, dada mkubwa wa Tajudin, mjane aliyekaa Kawempe na kukodisha masufuria ya harusi. Hakuna binti wa Kiislamu aliyeolewa upande ule wa mji bila pilau kupikwa katika masufuria ya Bi Hindu, na kila alipoyaosha alimkumbuka mpwa wake, na kila alipomkumbuka alimpasha ndugu yake. Alikuwa amemwambia waziwazi kwamba baba anayemzuia binti bila sababu anampa kadhi ruhusa ya kumwoza badala yake, na kwamba yeye Hindu anamjua kadhi na anajua njia ya kufika kwake. Tajudin alimjibu kwamba sababu anayo, ni gari. Pikapu ya marehemu baba ilikuwa yake pia, kwa hiyo msimu wa harusi alikuja akaichukua, akaiendesha mwenyewe kama alivyofundishwa na baba yake, gia zikilia, na mara hii alimchukua na Farhana amsaidie kazi. Tajudin aliwasindikiza mpaka barabarani. Alimwambia dada yake asipite kwenye maji Bwaise. Farhana aliambiwa ajitunze.

Mvua za Elinino zilikuwa zimeanza. Bwaise, inayojaa maji hata mtu akipiga chafya, ilikuwa imejaa.

Siku chache baadaye, asubuhi, Khaemba aliingia katika duka la mzee akiwa na uso wa heshima. Dukani kwake ndiko kulikokuwa na simu, na simu ilikuwa imelia.

"Mzee, kuna mtu amepiga kutoka Bwaise, anaitwa Kiyingi," alisema. "Anasema nikuambie Bi Hindu ameoza."

Tajudin aliweka kikombe chini. Hakuna Mganda yeyote aitwaye Kiyingi aliyemjua.

"Rudia."

Khaemba alirudia, na akaongeza yaliyobaki, moja moja, asije akalaumiwa: kwamba Bi Hindu ameoza chini kwa chini, tena kitambo, sema juu walikuwa wamefunika-funika ili mzee asione, kwamba sasa hakuna tena la kurekebisha, na kwamba mzee akuje mwenyewe aone kwa macho yake. Halafu simu ikakatika. Khaemba, ambaye kama mji mzima alijua kazi ya Bi Hindu ni harusi, hakuona la ajabu hapo. Alimpa mzee mkono akamwambia hongera.

Mtu mwingine yeyote wa Kampala angeuliza ni kitu gani kilichooza. Tajudin hakuuliza, kwa sababu yeye alijua sarufi. Kitu huoza kwa ngeli yake, gari limeoza, ndizi zimeoza. Ukisikia ameoza, huyo ni mtu, na mtu mzima mwenye heshima zake kama Bi Hindu akioza, basi amemwoza mtoto wa mtu. Hakukuwa na watoto wengi wa kuchagua. Aliyekuwa kwake ni mmoja.

Aliketi juu ya gunia la maharage. Alichokisikia kwanza hakikuwa hasira, ingawa baadaye alidai kilikuwa hasira. Aliona nyumba yake ilivyo saa ya magharibi Farhana akiwepo, taa ya jikoni imewashwa, na akaiona ile taa isiyowashwa tena. Ndipo akasimama akatafuta kofia yake. Gari la kwenda nalo hakuwa nalo, kwa hiyo Khaemba alifunga duka akampakia katika pikapu yake, ile yenye punje ya dengu. Njiani mzee alivua kofia akaivaa, akaivua tena. Khaemba alidhani ni furaha.

Uani kwa Bi Hindu kila kitu kilikuwa wazi, yaani kwa macho ya Tajudin. Masufuria ya harusi yalikuwa yametapakaa, yameinamishwa juani baada ya kuoshwa. Mikeka ilianikwa ukutani. Sufian mwenyewe alikuwepo, suruali ameikunja magotini, anasugua sufuria kwa mchanga kama mtu aliye kwao. Na nyuma ya masufuria alikuwa amechutama Farhana, ambaye aliinua kichwa, akaona ni baba yake, akasimama huku amemnyooshea mikono ya kumsalimu. Mikono ilikuwa myekundu mpaka vifundoni. Miguu pia.

"Na hina mmeshampaka," alisema Tajudin.

Bi Hindu alikuwa ameketi kwenye kigoda anapepeta mchele. Alimwangalia mdogo wake, akamwangalia Farhana, akayaangalia masufuria, akaanza kufumbua mdomo wake. Lakini Tajudin alishaanza, na alipoanza hakuacha nafasi. Alimshukuru dada yake kwa wema wake. Alisema amefurahi kusikia habari za mwanawe mwenyewe kutoka kwa Kiyingi wa Bwaise, maana siku hizi ndiko zinakotoka habari. Alisema anajua kila kitu, kwamba wameoza kitambo, chini kwa chini, wakafunika juu, na yeye kule Mengo anapima maharage kama zuzu. Aliuliza kama kadhi alilipwa kwa pilau au kwa fedha taslimu. Sufian alikuwa amesimama na sufuria mkononi, hajui kama alishike au aliweke.

Bi Hindu hakuwa amefika umri ule kwa bahati. Kwamba kulikuwa na kosa mahali, alishalijua. Kosa gani, alishakisia nusu. Na badala ya kulisahihisha, alifunga mdomo wake akaendelea kupepeta mchele taratibu, kama mtu anayesikiliza redio.

"Ungeningoja tu, dada," Tajudin alisema. "Mimi nilishakubali. Moyoni nilishakubali tangu walipoleta posa ya kwanza. Kijana hana kasoro, nimemkagua mpaka nimechoka. Nilichotaka ni niizoee nyumba kwanza. Tangu Zaituni aondoke, mpaka siku hizi chache, sijawahi kulala katika nyumba ile peke yangu, na nilikuwa najizoeza, kidogo kidogo. Hukuweza kuningoja hata hilo?"

Ungo ulisimama. Farhana aliishusha mikono yake.

"Bwana Khaemba umesikia," alisema Bi Hindu. "Sufian, umesikia. Amesema amekubali. Shahidi mmoja Mkristo na mwingine mwenye haja yake, si mashahidi wazuri sana, lakini nami nimesikia." Kisha akaweka ungo chini. "Sasa nikuambie, Taju. Hapa hajaolewa mtu. Kiyingi ni fundi wa gereji, na Bi Hindu ni gari."

Ilichukua muda kumwelewesha. Walikuwa wakirudi na masufuria, Bi Hindu akapita kwenye maji ya Bwaise, ndiyo, palepale alipoambiwa asipite, na katikati ya maji sehemu ya nyuma ya pikapu ikalia kama mtu anayepasua nguo, ubao wa nyuma ukaanguka, masufuria yakaelea kuelekea Bombo Road. Watu waliyaokoa. Pikapu ilisukumwa mpaka gereji ya karibu, na katika gereji za Kampala gari halina jina lake, lina jina la aliyelileta: mpandishe Bi Hindu kwa jeki, mfungue Bi Hindu tairi. Bi Hindu alikuwa amemwambia fundi apige simu Mengo aeleze hali, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa tayari kuisikia sauti ya mdogo wake siku hiyo. Na Kiyingi alieleza hali. Gari lilikuwa limeoza kule chini chini, siku nyingi, sema juu lilifunikwa kwa rangi.

Farhana aliinama nyuma ya masufuria akakiinua alichokuwa anakisugua. Kilikuwa ubao wa nyuma wa pikapu, bati lake limeliwa na kutu mpaka likawa kama kitambaa cha kuchujia, na ule wekundu wake ulikuwa umemshika mikononi na miguuni. Tajudin alilitazama bati lile, akaitazama ile hina. Polepole uso wake ulianza kurudi mahali pake. Angekuwa na haya kidogo angenyamaza.

"Kwa hiyo hakuna kilichofanyika," alisema. "Alhamdulillahi. Basi hakuna haraka. Tungoje kwanza nione gari limefikia wapi, tulitengeneze, halafu hayo mengine..."

"Baba," alisema Farhana. Aliuweka ubao chini. Katika miaka yote ile ya posa na chai na sumaku hakuwahi kumjibu baba yake neno, na hata sasa hakupandisha sauti. "Baba, unangoja nioze ndipo unioze?"

Bi Hindu alijifanya anatafuta kitu kwenye mchele. Sufian alitazama chini. Tajudin alisimama na sentensi ile mbele yake, akaigeuza huku na huku kama alivyozoea kuzigeuza sentensi za watu, akiitafutia kosa, ngeli iliyokosewa, kitenzi kilichopinda, chochote ambacho kingemruhusu kuirudisha kwa mwenyewe bila kuijibu. Haikuwa na kosa. Aliifundisha mwenyewe lugha ile, mtoto akiwa bado anakaa mapajani kwake.

Alisema anakwenda kuliona gari, akatoka, na Khaemba akamfuata. Hakuna aliyemwita arudi. Farhana alibaki amesimama uani na mikono yake myekundu, na aliona aibu, na hakujuta.

Gereji ya Kiyingi ilikuwa uwanja wa matope pembeni ya barabara, na Kiyingi alikuwa mtu mnene mchangamfu aliyelala juu ya kipande cha boksi. Pikapu ilikuwa imenyanyuliwa juu ya magogo, mpira wake wa ndani umefunuliwa. Fundi aliinuka, akajifuta mikono, akamsifia mzee rangi yake. Alisema katika magari yote ya Bwaise hajaona langi mzuri namna hii. Kisha akachukua bisibisi, akaigusisha chini ya mlango, mahali palipokuwa na ile rangi nzuri na ile lami, na bisibisi ikaingia mpaka kwenye mpini kama iliyochomwa katika papai bivu.

"Angalia, ssebo. Butalagge amekula yeye yote," alisema kwa huzuni ya heshima, akimwita mzee bwana na kutu kwa jina lake, vyote kwa Kiganda. "Hapa ni langi tu ndiyo anashika."

Tajudin, safari hii, aliinama akaangalia. Alikuwa ameingia chini ya gari lile karibu kila asubuhi ya maisha yake, na kila mara aliingia na kitu cha kupaka. Kuingia mikono mitupu ilikuwa mara ya kwanza. Kiyingi alimwonyesha tundu moja dogo chini ya bodi, lililozibwa, akamweleza kwamba matundu yale yaliwekwa na waliolitengeneza gari ili maji yapate njia ya kutoka, na sasa mjinga fulani kayaziba. Akaingiza koleo akavuta. Kipande cha raba kilitoka kikilia, na nyuma yake yakaja maji mekundu, yakamwagika juu ya matope, yakaendelea kumwagika kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili kwa gari lililokaa juani tangu juzi. Kiyingi alicheka. Alisema aliyefanya hivi hakuwa fundi, alikuwa adui wa mwenye gari.

Alimpa mzee kile kipande akishike. Kilikuwa cha buluu, na upande mmoja bado kilikuwa na nusu ya ua jeupe, lile ua ambalo zamani lilikuwa kwenye kandambili za wanawake. Tajudin alikumbuka mahali alipozichukua siku ile ya vita, mlangoni pa chumba, na Zaituni akilalamika kwamba sasa atatembea na nini. Alikishika kiganjani. Kitu cha kuzuia maji ya vita kilikuwa kimezuia maji ya miaka yote iliyofuata, humo humo ndani.

"Bwana Khaemba," alisema. "Ile yako, bado unaiuza?"

Khaemba, mwaminifu mpaka kuudhi, alimkumbusha habari ya punje ya dengu chini ya betri.

"Nimeiona. Itakaa hapo, tutakuwa tunaisugua. Matundu yake ya chini uyaache wazi."

Kisha akamwomba ampitie tena Kawempe kwa dada yake wakitoka hapo. Khaemba aliuliza kuna nini tena. Mzee alisema kuna watu wa posa wa kuitwa, na kuna binti anayengoja jibu, na ni vizuri aende kabla hajapata sababu nyingine. Alisema maneno hayo kwa haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Kiyingi, ambaye hakuwa amefuata mazungumzo hayo, alikuwa bado na Bi Hindu wake juu ya magogo, na foleni ya magari mengine nyuma. Kulikuwa na njia ya kukata na kuchomelea vipande vipya, au kumwuza kwa watu wa vyuma chakavu, au kumsukuma pembeni angoje. Alitaka kujua moja.

"Sasa, mzee, umeamua nini?"

Tajudin alikunjua kanzu yake, akaweka kipande cha kandambili mfukoni, mahali ilipokuwa sumaku.

"Nimeamua kuoza," alisema.

Kiyingi alimtazama mzee kuanzia kofia mpaka viatu. Alimwona macho yana maji. Alivuta stuli, akaipangusa vizuri kwa kitambaa chake kichafu, akamshika mzee bega.

"Kaa hapa kwanza, ssebo," alimwambia kwa upole. "Wewe bado, utapona."

Tajudin alikaa. Hakumsahihisha.